Deni la Kiungio Kimoja

Kwenye kazi ya cherehani kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na kila fundi anaijua: ukiunguza kitambaa cha mteja kwa pasi, unalipa kitambaa. Haitoshi kusamehe ujira wa kushona. Mteja alileta mita nne za lesi, zikaharibika mikononi mwako, basi wewe ndiye utakayepanda daladala kwenda Kariakoo kuzitafuta mita nne nyingine za rangi ileile, na usipozipata mtakaa muongee fedha. Mama aliyenifundisha kazi, miaka hiyo Magomeni, nilimwona akilipa vitenge vya watu bila kununa. Alikuwa akisema mteja anakuachia mali yake akaenda zake kulala, na hicho ndicho kitu kikubwa kuliko fedha anazokupa.

Ndiyo sababu dari la chumba changu cha kushonea lilipoanguka Januari 2017, sikuona kwa nini fundi bomba awe na sheria tofauti na yangu.

Mwishoni mwa mwaka uliotangulia tulikuwa tumebadilisha mabomba ya nyumba nzima. Yale ya zamani yalikuwa ya chuma, yameliwa na kutu, maji yanatoka mekundu. Fundi tulielekezwa na jirani, kama wanavyopatikana mafundi wengi wa Dar es Salaam: umesikia kafanya kazi kwa fulani, unaomba namba, unampigia. Ufundi tulikubaliana shilingi 220,000, vifaa nikanunua mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia. Mabomba yenyewe ni ya PPR, yale ya plastiki ngumu ya kijani yanayoungwa kwa kuchomelewa. Tenki letu la lita 2,000 liko nje juu ya mnara wa zege wa mita nne hivi. Bomba linatoka pale, linaingia juu ya dari, linapita juu ya chumba cha kushonea, ndipo linateremka bafuni na jikoni. Siku aliponieleza litapita wapi nilimwonyesha mashine na meza ya kukatia, nikamwambia humu ndimo ninamopatia riziki. Yeye na kijana wake walinisaidia kuzisogeza mashine zisipate vumbi. Naomba msomaji alishike hilo, kwa maana baadaye lilikuja kuwa na thamani ya fedha.

Januari kwa mshonaji ni msimu. Shule zinafunguliwa, wazazi wamechelewa kupata hela, wote wanakuja wiki moja na wote wanataka sare kesho. Mchana ule wa jua kali nilikuwa nimetoka kununua vifungo na zipu. Jirani yangu alinipigia simu akisema anasikia maji yanamwagika ndani kwangu kama mtu kafungua mfereji. Nilipofika, mbao mbili za jipsamu zilikuwa zimeshaporomoka juu ya meza ya kukatia, na nyingine zilikuwa zimevimba zinaning'inia. Jipsamu ikinywa maji inakuwa nzito ajabu, halafu inageuka uji mweupe unaoingia katika kila uzi wa kitambaa. Mashati meupe yaliyokuwa yanasubiri kola, sketi za bluu zilizokwishapigwa marinda, vyote vilikuwa chini ya uji ule. Mota ya ovaloki, ambayo hukaa chini ya meza, ilikuwa imesimama ndani ya maji. Nyaya za taa zilikuwa zinaning'inia zimelowa. Nilizima meni swichi kwanza kabla ya kugusa chochote, kisha nikatoka kufunga koki ya tenki. Kwa yeyote atakayekutwa na jambo kama hili, nasema kwa msisitizo: umeme kwanza, maji baadaye, na mali mwisho.

Kisha nilifanya jambo ambalo jirani aliona ni la ajabu. Sikuanza kufagia. Nilichukua simu nikapiga picha chumba kizima kutoka mlangoni, halafu kila pembe, halafu kila kitu peke yake: lile tundu darini, nguo juu ya meza, mota ndani ya maji, waya. Nikamwomba jirani asimame aangalie, kwa sababu picha inaonyesha kitu na mtu anaeleza kilitokeaje. Baada ya hapo ndipo tulipookoa vya kuokolewa. Mashine tulizitoa nje, vitambaa tukavitia kwenye mabeseni ya maji safi kabla uji haujakauka. Hatua hiyo nayo ina maana kisheria. Anayedai fidia hatakiwi kukaa akitazama hasara inakua ili dai linenepe.

Mtoto wa dada yangu alipanda darini na tochi. Bomba lilikuwa limechomoka kutoka kwenye elbo, kiungio cha kona, na vyote viwili vilikuwa wazi pale juu ya mbao za papi. Aliikata elbo akaniletea pamoja na kipande cha bomba kama futi moja. Nilikaa navyo mlangoni kwenye mwanga. Mtu aliyezoea kukagua mshono huwa anajua pa kutazama hata kwenye kitu ambacho si nguo. Viungio vingine nilivyoviona kwenye nyumba ile vilikuwa na pete ya plastiki iliyoyeyuka ikafura, imezunguka bomba sawasawa. Hiki hakikuwa na pete. Ncha ya bomba ilikuwa na mstari wa kalamu ya fundi, ule anaouweka kujua bomba liingie mpaka wapi. Kutoka ncha mpaka mstari ni milimita 16, lakini sehemu iliyong'aa kwa kuguswa na moto ilikuwa ya mbele tu, milimita nne au tano, tena upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Iliyobaki ilikuwa na ukijani wake wa dukani. Nilivitia vipande vile kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga, nikaandika tarehe.

Fundi nilimpigia kabla sijamwita mtu mwingine wa kutengeneza. Hili wengi wanalikosea kwa hasira: wanaita fundi wa pili, anabomoa, anatengeneza, ushahidi unaishia jalalani, halafu wa kwanza anakuja kusema alikabidhi kazi nzima na kilichoharibika hakukiona. Aliyefanya kazi ana haki ya kuja kuiona kazi yake ilivyoharibika. Alikuja jioni ileile, na hilo namhesabia.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba baba. Karibu, panda uone."

Alipanda, akashuka, akajifuta mikono muda mrefu. "Hii mama ni panya. Wanapenda sana hizi plastiki. Kama si panya basi ni presha ya maji imezidi."

Sikubishana naye. Nilimwomba arudie maneno hayo mbele ya jirani, nikayaandika kwenye daftari langu la vipimo, tarehe na saa. Nikamwambia kipande cha bomba nitabaki nacho mimi, na nitatafuta mtu asiyenijua mimi wala yeye atuambie ni panya au ni presha.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa ufundi bomba katika chuo kimoja cha ufundi stadi. Nilimlipa shilingi 30,000 za muda wake, na ninaona hakuna fedha niliyoitumia vizuri kuliko hiyo. Aliushika mfuko, akatoa bomba, akalizungusha mara moja, akanitazama. "Mama, hiki hakikuiva."

Akanieleza. Mashine ya kuchomelea PPR inatakiwa ifike nyuzi 260 za sentigredi. Bomba la milimita 20 linashikwa kwenye moto sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha unalisukuma ndani ya kiungio moja kwa moja bila kulizungusha, unalishika palepale mpaka lipoe kidogo. Likifanywa hivyo bomba na kiungio vinakuwa kitu kimoja, huwezi tena kuvitenganisha bila msumeno. Panya akila anaacha alama za meno, na pale hapakuwa na alama hata moja. Kuhusu presha alichukua kalamu. Maji yanayoshuka kutoka tenki yana nguvu ya urefu wake tu: mita kumi za kimo ndizo zinazotoa takribani baa moja. Tenki letu liko mita nne, na dari lenyewe liko mita tatu, kwa hiyo pale kwenye kiungio hata nusu baa haikufika. Bomba lilikuwa limeandikwa PN 20 ubavuni, maana yake limetengenezwa kuhimili baa 20 za maji ya baridi.

Nikamuuliza sasa kwa nini lilikaa wiki kadhaa ndipo likaachia. Jibu lake nililipenda kwa sababu lilieleza na mchana ule wa jua. PPR ni bomba linalorefuka sana kwa joto, kiasi cha milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Juu ya dari chini ya bati, kati ya alfajiri na saa nane mchana, joto linapanda sana. Kipande cha mita sita kikipata nyuzi 20 za ziada kinarefuka milimita 18, usiku kinarudi. Kingefungwa klipu kila baada ya hatua na kuachiwa nafasi ya kutanuka, kiungio kisingevutwa. Chetu kilikuwa kimelazwa tu juu ya mbao. Kila siku kilisukuma na kuvuta kiungio kisichoiva, mpaka kikachomoka. Aliyaandika haya nusu ukurasa, akatia sahihi na kazi yake.

Niliporudi kwa fundi na karatasi ile, ndipo aliponiambia ukweli, na nilimwona anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Siku ile ya mwisho umeme ulikuwa unakatika. Mashine ikapoa. Yeye alikuwa ameshateremka kufunga bafuni, na viungio viwili vya mwisho vya darini alimwachia saidia fundi wake, kijana mdogo, ambaye hakutaka kusubiri umeme urudi. "Kwa hiyo mama si mimi niliyeunga pale."

Nilimwambia taratibu kwamba mimi simfahamu yule kijana. Sikukubaliana naye bei, sikumlipa. Kwangu mimi nikimpa msichana wangu apige pasi gauni la harusi akaliunguza, bibi harusi hamtafuti msichana, ananitafuta mimi. Anayepokea kazi kwa jina lake anaipokea na mikono yote atakayoiingiza humo. Hili halikuwa jambo la kumwonea kijana. Lilikuwa la kumkinga pia, maana fundi alikuwa ameshaanza kusema atamkata posho yake mpaka hasara iishe.

Sasa nikaja kwenye hesabu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo madai mengi ya haki yanapokufa. Mtu ameumizwa kweli, lakini akiulizwa anadai nini anasema "anilipe kila kitu", au anataja milioni tano kwa sababu ndizo zinazolingana na uchungu wake. Aliyeharibu anaona anakomolewa, anakimbia. Watu wanaosuluhisha nao wanaanza kumwonea huruma yeye.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina kifungu cha 73 kinachoeleza jambo hili vizuri sana, na nilisomewa na kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akisomea sheria. Aliyevunja mkataba anamlipa mwenzake hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au hasara ambayo wote wawili walijua tangu wanakubaliana kwamba inaweza kutokea. Hasara ya mbali, isiyohusika moja kwa moja, hailipwi. Kifungu hicho kimetoka mbali. Sheria ilitungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, nayo ilifuata wazo la kesi ya Uingereza ya mwaka 1854 iliyohusu kinu cha kusaga nafaka cha Gloucester. Chuma kikuu cha mashine kilivunjika, wasafirishaji wakachelewa kukifikisha kwa watengenezaji, kinu kikasimama. Wenye kinu walidai faida yote waliyoikosa. Mahakama ikasema wasafirishaji hawakuambiwa kwamba bila chuma kile kinu kizima hakifanyi kazi, hivyo faida ile si ya kuwabebesha.

Nilipoelezwa habari ya kinu kile niliona chumba changu. Fundi alijua pale pana mashine na vitambaa vya watu, kwa sababu alizisogeza kwa mikono yake. Basi mota na vitambaa vilikuwa ndani ya hasara anayoijua. Lakini wakati uleule nilikuwa naongea na shule moja wanipe kazi ya sare zao zote za mwaka, na baada ya ajali walinipita wakaenda kwa mwingine. Hilo liliniuma kuliko dari. Hata hivyo fundi hakuwahi kuambiwa habari za shule, na mimi mwenyewe sikuwa na mkataba nao mkononi. Nililifuta kwenye karatasi.

Nilifuta na mengine. Mashati yaliyotakata baada ya kufuliwa niliyatoa. Rangi ya sebuleni, ambayo mume wangu alisema tuiingize humohumo kwa kuwa mpaka rangi atakuwa yupo, niliikataa. Vilivyobaki vilikuwa hivi: jipsamu na rangi ya chumba kimoja 380,000, fundi umeme 85,000, mota ya ovaloki 160,000, vitambaa nilivyowanunulia wazazi upya 410,000, kutengeneza bomba 25,000, na ile 30,000 ya mwalimu. Jumla 1,090,000. Kila namba ilikuwa na risiti yake nyuma, na malipo ya ufundi yalikuwa kwenye ujumbe wa M-Pesa. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, lakini mkataba wa mdomo ni mkataba, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ujumbe wake wa "mama kazi imekwisha naomba umalizie", pamoja na ule wa M-Pesa, ulikuwa unatosha kueleza nani alifanya kazi, lini, na kwa malipo gani.

Wakati huo mtaani nilishaanza kusemwa. Kuna aliyenijia kwa upole kabisa: mwachie Mungu, kijana wa watu ana watoto wawili. Kuna aliyeniambia nitamkamua nini mtu asiye na kitu. Bibi mmoja ninayemheshimu alisema mafundi wote ndivyo walivyo, ukimsumbua huyu hutapata wa kukujengea tena.

Nimeyafikiria sana maneno yale, na naona yanawadhulumu mafundi kuliko madai yangu yalivyoweza kuwadhulumu. Ukisema mafundi wote ndivyo walivyo, umemweka aliyengoja umeme urudi sawa na ambaye hakungoja. Yule anayefunga klipu kila hatua anatoza zaidi, nasi tunamkimbia kwa sababu kazi mbovu haimgharimu mtu chochote. Wakandarasi wana Bodi yao ya Usajili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, mafundi umeme wana leseni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi bomba wa mtaani ana jina lake tu. Kama jina hilo halipati hasara linapoharibu, litapataje faida linapotengeneza vizuri? Na wale wazazi niliowanunulia vitambaa upya, wengine ni mama lishe na waendesha bodaboda. Nao wana watoto. Hasara ilikuwa imeshatokea, na mtu alikuwa lazima ailipe. Swali lilikuwa nani.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sikutaka kuanzia polisi kama nilivyoshauriwa na wengine, kwa kuwa hakuna aliyeiba. Mwenyekiti, mzee mtulivu, aliweka kipande cha bomba mezani kwake, akasoma maelezo ya mwalimu, akamgeukia fundi: "Mwanangu, haya unayakataa?" Fundi akasema hayakatai, ila hela hana, na dari lile lilikuwa na doa la zamani la mvua pembeni. Ilikuwa kweli. Lilikuwepo. Tukaondoa 90,000 kwa ajili ya pembe ile. Ikabaki milioni moja kamili, kila mwezi alipe 100,000.

Mwenyekiti alitaka tupeane mikono tuondoke. Mimi niliomba tuandike. Tuliandika kwamba fulani anakiri kudaiwa na fulani shilingi 1,000,000 kutokana na uharibifu uliosababishwa na kazi ya bomba, atalipa hivi, kuanzia tarehe hii. Sahihi zetu, mashahidi wawili, muhuri wa ofisi, nakala mbili. Nawaomba wanaosoma waelewe uzito wa karatasi hiyo. Kabla yake, kama tungefika mahakamani ningetakiwa nithibitishe kiungio, moto, klipu, kila risiti. Baada yake kilichobaki ni deni lililokiriwa kwa maandishi, na mtu anadaiwa au hadaiwi.

Tuliongeza sharti moja: arudi akague viungio vyote vya darini, bila malipo, na safari hii vipimwe presha kabla ya kufunga jipsamu. Mume wangu alishangaa nawezaje kumrudisha juu ya dari langu. Lakini fundi ninayemdai ndiye niliyekuwa na uhakika kwamba hatarudia. Alikuja na saidia fundi yuleyule, na pampu ya mkono yenye geji aliyoiazima kwa mwalimu. Kijana ndiye aliyeshika mashine, fundi amesimama nyuma yake anahesabu kwa sauti, moja mpaka saba, kila kiungio. Klipu wakafunga mpya, na kwenye kile kipande cha mita sita wakaweka kona ya kutanukia. Walipomaliza walijaza maji, wakapandisha geji mpaka baa 10, wakaiacha. Tulikunywa chai na mihogo. Kijana alikuwa anaamka kila mara kwenda kuutazama mshale, na kila akirudi anatikisa kichwa kwa furaha: haujasogea. Gharama ya zoezi lile lote ilikuwa saa moja na ada ya kuazima pampu. Ningependa kila mwenye nyumba aliombe kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya ufundi, na alione kwa macho yake.

Alilipa vizuri mpaka 400,000, kisha akanyamaza. Simu haipokelewi, nyumbani hayupo. Mwenyekiti alimwita, hakuja. Nilimwandikia barua ya madai, nikampa siku 14, shahidi akaipeleka kwa mkono. Zilipopita nilikwenda Mahakama ya Mwanzo na makubaliano yetu yenye muhuri. Watu wanaiogopa mahakama wakifikiri ni ya mawakili na Kiingereza. Ile ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, na wakati ule mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama humo. Ilikuwa ni wewe, mwenzako, hakimu na wazee wa baraza. Karani alinisaidia kuandika dai la 600,000 na ada ya kufungulia shauri, wito ukatoka.

Siku ya shauri fundi alikuja amevaa shati la kanisani, amekonda. Hakimu alimsomea karatasi akamuuliza kama deni analikiri. Akalikiri. Akaeleza alivunjika mkono kwenye saiti ya Kigamboni, miezi miwili hakufanya kazi, akaona aibu kupokea simu yangu. Mzee mmoja wa baraza alimwambia, "Mwanangu, ungepokea ungekuwa nyumbani saa hizi." Nami nilisema mbele ya hakimu kwamba naridhia alipe 50,000 kwa mwezi. Iliandikwa hivyo, ikawa amri. Sikuwa na haja ya kumwona anauza mashine yake ya kuchomelea; bila mashine ile asingeweza kunilipa wala kula.

Alimaliza mwaka uliofuata. Siku ya mwisho aliniletea fedha mkononi badala ya kutuma, kwa sababu alitaka karatasi. Nilimwandikia kwamba deni lote la shilingi 1,000,000 limelipwa, sina madai mengine kwake kuhusu kazi ile, nikatia sahihi, nikaipeleka nakala mahakamani na nyingine kwa mwenyekiti. Mdai naye ana wajibu wake wa kuandika. Mtu aliyelipa kwa jasho namna ile asiendelee kuitwa mdaiwa kwenye vibaraza.

Shule ile sikuipata tena, na hakuna aliyenilipa kwa hilo.

Siku hizi wanawake wa mtaani kwetu wananijia na mambo yao, kwa kuwa walisikia habari yangu. Wiki hii kaja mama mmoja ambaye vigae vya sebuleni kwake vinatoa mlio mtupu ukivigonga, vingine vimeshanyanyuka na kupasuka. Fundi aliweka udongo madonge madonge badala ya kuutandaza kigae kizima, na chini kukabaki hewa. Alikuwa ameshatafuta mtu wa kuvibomoa vyote. Nimemwomba asubiri. Tumevigonga kimoja kimoja kwa kijiti, kila chenye mlio mtupu tukakiwekea alama ya chaki, tukapiga picha, tukaandika idadi na bei ya kila kimoja dukani. Vizima hatukuvigusa wala kuvihesabu. Fundi wake amepigiwa simu, anakuja kuona Jumamosi, na jirani ameombwa awepo.